Gari la Mbio Lisiloenda Popote

Kashebere tuna gari la mbio. Mgeni akiambiwa hivyo hutazama kwanza barabara, halafu hututazama sisi, halafu huuliza limefikaje. Limefika juu ya Fuso. Lilipandishwa Goma kwa mbao mbili na kelele nyingi, likafungwa kamba kati ya magunia ya chumvi na mabati, likaja hivyo kupitia Sake, Mushaki, Masisi-centre na Nyabiondo, taa zake nne za duara zikichungulia juu ya bodi la lori. Kutoka Goma hadi Sake ni kilomita 27 hivi, na hizo ndizo pekee ambazo lingeweza kuzimaliza bila kuacha tumbo lake njiani. Baada ya hapo ni milima, tope na ng'ombe wa Masisi, ambao hawampishi mtu.

Njiani lilizua mabishano. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, taasisi ya Ubelgiji, walihesabu vizuizi 798 kwenye njia za Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, na kila penye kizuizi kuna mtu mwenye daftari. Sasa mtu mwenye daftari akiona gari limepanda gari, aandike nini? Ni chombo au ni mzigo? Shemeji anasema mahali fulani walilitoza kama mzigo, wakafikiri, wakalitoza tena kama gari, kisha wakamtoza dereva wa Fuso kwa kupakia abiria asiye na tikiti. Hapo mwisho nadhani ametia chumvi, lakini chumvi ilikuwepo, magunia mazima.

Mwenye gari ni huyo shemeji, kaka wa mke wangu. Mtu hamnung'unikii shemeji yake usoni, kwa hiyo nanung'unika hapa. Gari linalala uani kwangu kwa sababu lango langu ndilo pana kuliko yote mtaani. Lango hilo nililipanua mwenyewe ili lori la maharage liingie. Maharage hayajawahi kuingia. Limeingia gari la milango miwili, na tangu siku hiyo kila alfajiri sahani zangu zinagongana kabatini.

Ni Toyota Celica ya mwaka 1994. Ukimuuliza shemeji kwa nini aliinunua, hakupi sababu, anakusomea historia. Celica ilishinda Safari Rally mwaka 1984 na Björn Waldegård, 1985 na Juha Kankkunen, 1986 Waldegård tena, 1990 Waldegård tena, 1992 Carlos Sainz, 1993 Kankkunen, 1994 Ian Duncan, Mkenya wa hapohapo nyumbani, na 1995 Mjapani Yoshio Fujimoto. Yote ni kweli, ukitaka kabishane naye. Asichokisema ni kwamba zile za miaka ya 1990 zilikuwa GT-Four, zenye tabo na kuvuta kwa magurudumu yote manne, na angani helikopta ya timu ikizifuata. Ya shemeji ni SS-I. Inavuta kwa magurudumu ya mbele tu. Injini yake ni 3S-FE, lita 2, silinda nne, ndiyo ileile Toyota iliyoipachika kwenye RAV4 za kwanza na kwenye Ipsum za kubebea familia. Nilipomwambia hivyo hakunisemesha siku nzima, na ilikuwa siku nzuri.

Lakini tumpe haki yake: alipoona barabara haimfai, aliitafutia Celica kazi. Umeme wetu hapa ni wa sola, na sola ya Kashebere husubiri ukungu uamue. Shemeji akanunua inveta, akaiunga kwenye betri, akalaza ubao juu ya boneti, akatandaza nyaya, na sasa gari la mbio linachaji simu. Linawashwa asubuhi na mapema, linasimama linanguruma, na watu wanapanga foleni na simu zao. Siku za harusi hufungwa vitambaa, huwazungusha maharusi kati ya kanisa na soko, kisha hurudi kwenye simu zake. Nilimpigia hesabu: injini ya ukubwa huo ikisimama tu inawaka hunywa karibu lita moja ya esansi kwa saa, hata kama haivuti kitu. Akanijibu kwamba biashara si hesabu, biashara ni watu.

Watu ndio walioanza kulalamika. Celica ikitembea inatulia. Ikisimama, mguu ukitoka kwenye mafuta, injini ikibaki ralanti, inatetemeka mwili mzima. Usukani unatetemeka. Kioo cha ndani kinatetemeka hadi ukitazama nyuma unaona makanisa mawili. Simu zinatembea juu ya ubao, moja baada ya nyingine, zinafika ukingoni na kudondoka. Mtu akiweka simu yake kwenye mtetemo hajui kama anapigiwa au ni gari. Juzi bwana harusi aliyejiandaa kukaa kwa heshima nyuma ya kioo, gari liliposimama sokoni, alitikisa kichwa bila kukoma, na mama mmoja muuza mihogo akasema kwa sauti kwamba huyu kijana bado anakataa.

Sasa hebu fikiria. Gari ambalo kosa lake linaonekana likisimama tu, limepelekwa mahali ambapo halina kazi nyingine ila kusimama! Katika mji wenye lami usingelijua kosa hilo ila kwenye taa nyekundu. Hapa kwetu taa nyekundu ni siku nzima.

Mafundi walijitokeza bila kuitwa. Wa kwanza alikuwa motari mmoja wa stendi, ambaye kwake kila ugonjwa wa injini ni buji. Pikipiki yake ina buji moja. Alipoona za Celica ziko nne alifurahi mara nne. Akazitoa zote, akazisugua kwa msasa, akazirudisha. Mtetemo ukabaki. Basi akataka kujua ipi ina moto na ipi haina, akashika waya wa buji kwa mkono mtupu injini ikiwaka. Waya ule hupitisha volti elfu nyingi. Alipata jibu lake akiwa ameketi chini, hatua chache kutoka gari lilipo, na tangu hapo anasema ugonjwa huo si wa buji.

Wa pili alikuwa kadafi wetu, muuza esansi kwa chupa. Huyu alitangulia kujitetea kabla hajashtakiwa, jambo lililonifanya nimtilie shaka. Tukamimina esansi yake kwenye chupa nyeupe tukaiacha itulie, kwa maana maji ni mazito kuliko esansi na yangekuwemo yangekaa chini yenyewe. Hayakuwemo. Nilisikitika kidogo, maana nilikuwa nimeshaandaa maneno.

Dereva wa Fuso alipita, akasikiliza akiwa ameegemea lango langu, akauliza kwani tatizo ni nini. "Moteri isiyotingishika imekufa," akasema, akaondoka. Kwa mtu ambaye maisha yake yote ameketi juu ya dizeli, hoja hiyo imekamilika.

Na kusema kweli ana robo ya haki. Injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja haitulii kabisa hata ikitoka kiwandani leo. Pistoni mbili zikipanda, mbili zinashuka, ungedhani zinalingana. Kumbe ile iliyo nusu ya juu ya safari yake hukimbia kuliko iliyo nusu ya chini, na tofauti hiyo huusukuma mwili wa injini juu na chini mara mbili kwa kila mzunguko. Mwingereza Frederick Lanchester aliiona kasoro hiyo mwanzoni mwa karne iliyopita, akabuni dawa: mihimili miwili yenye uzito upande mmoja, izunguke kinyume, kwa kasi mara mbili ya injini. Mitsubishi waliifufua mwaka 1975, na Porsche, kwa majivuno yao yote, walipotengeneza 944 ya lita 2.5 iliyotoka mwaka 1982, walilipia haki ya kutumia mihimili ya Mitsubishi. Kwa hiyo jina lilelile lililoandikwa usoni mwa Fuso ndilo lililofundisha gari la mbio la Wajerumani kusimama kwa adabu. Nilitaka kumweleza dereva, lakini alikuwa ameshafika kwenye tope la chini na alikuwa na shughuli. 3S-FE yenyewe haina mihimili hiyo. Inategemea raba.

Raba hizo ndizo sipoti, mpira uliogandishwa kati ya vyuma viwili, unaoibeba injini na kuizuia isimsimulie abiria kila inachopitia. Zile za Celica zilichakaa zamani. Fundi wa mjini aliyemuuzia shemeji gari alizibadilisha, na shemeji aliisifu kazi hiyo mpaka tulipoinama na tochi. Sipoti ya upande wa gia ilikuwa kipande cha tairi la lori, kimekatwa kwa kisu, kimetobolewa, kimefungwa bolti. Kina nguvu. Kitazika wajukuu wetu. Lakini mpira wa sipoti unatakiwa ubonyee, umeze mtetemo. Wa tairi la lori umetengenezwa usibonyee chini ya tani kadhaa. Injini ikikohoa kidogo, ule unaipokea habari na kuifikisha kamili hadi kwenye kabati langu.

Hapo shemeji akapumua: "Basi tumeipata, ni sipoti." Mimi sikukubali, na sababu yangu haikuwa ya kifundi. Ni kwamba mimi ndiye ninayeamshwa. Sahani zinapiga kelele alfajiri, ukungu ukiwa umeshuka hadi kwenye mabati. Ikifika saa sita, jua likitoka, sahani zinanyamaza ingawa gari bado linawaka. Mvua ikinyesha jioni, zinaanza tena. Tairi la lori haliwezi kuwa gumu asubuhi na laini mchana. Nilimweleza shemeji jambo hilo mara nyingi. Yeye kila mchana akiona limetulia alitangaza kwamba limepona, na kila asubuhi alisema limerudiwa.

Aliyetuokoa alikuja kuchaji simu. Ni mzee wa upande wa Walikale, mfupi, mwenye koti lisilotoka mwilini, aliyewahi kuendesha malori ya SOMINKI, ile kampuni ya madini iliyoundwa mwaka 1976. Alisimama kwenye foleni, akatazama simu zikitembea ubaoni, akaomba kikombe cha bati chenye maji.

"Papa, una kiu?" shemeji akauliza.

"Mwanangu, nyamaza kwanza."

Akakiweka kikombe juu ya boneti, nasi tukainama wote. Maji yalikuwa na mikunjo midogo midogo isiyohesabika, na juu ya mikunjo hiyo kulikuwa na wimbi lingine, kubwa, la polepole, linalogonga ukingo wa kikombe kwa mapigo. Mzee akamwita mtoto mmoja, akamwambia agonge kidole ubaoni kila wimbi linapogonga. Mtoto akajitahidi, kidole kikaenda mbio, lakini kikalifuata. Mzee akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Maelezo yake nayaweka kwa maneno yangu, kwa sababu yeye aliyaeleza kwa mikono. Injini ikiwa ralanti inazunguka karibu mara 700 kwa dakika. Ule mtetemo wake wa kuzaliwa huja mara mbili kwa mzunguko, yaani mara 23 hivi kwa sekunde; huwezi kuuhesabu, unauhisi tu mwilini, na huo ndio mikunjo midogo. Lakini kila silinda hupiga mara moja tu katika mizunguko miwili. Ni watu wanne wanaotwanga kinu kimoja kwa zamu: mmoja akiinua mchi na asiushushe, kinu kinayumba kila zamu yake inapofika. Pengo hilo hurudi karibu mara 6 kwa sekunde, na hilo kidole cha mtoto kinaliweza. Raba mbovu pekee haitengenezi wimbi kubwa la polepole, inalipitisha tu. Kuna silinda haifanyi kazi.

Akachukua kijiti kirefu kikavu, ncha moja akaigusisha kwenye injekta, nyingine sikioni. Tik-tik-tik. Ya pili hivyo hivyo, ya tatu, ya nne. Zote zinagonga, kwa hiyo esansi inaingia. Kadafi, aliyekuwa amejificha nyuma ya watu, akajitokeza mbele.

Halafu koleo. Alizungusha mpira wa ndani wa baiskeli kwenye mishikio yake, tabaka juu ya tabaka, akimtazama motari bila kusema kitu. Akachomoa waya wa silinda ya kwanza: injini ikashuka, ikataka kuzima. Akaurudisha. Wa pili: ikashuka. Wa tatu: hakuna. Injini haikujali hata kidogo, iliendelea kutetemeka vilevile. Wa nne: ikashuka. Silinda ya tatu ndiyo iliyokuwa inasafiri bure.

Sasa mtu mwenye haraka angenunua buji. Mzee alizima gari, akaitoa buji ya tatu akaiweka kwenye ya kwanza, na ya kwanza kwenye ya tatu, akawasha. Ugonjwa ukabaki palepale, kwenye ya tatu. Akabadilisha nyaya vivyo hivyo. Ukabaki. Basi si buji na si waya. Ni kule waya unakotokea. Akafungua kifuniko cha delko, ile inayozigawia buji moto, akakigeuza, akakipeleka penye mwanga.

Ndani kulikuwa na unyevu, matone membamba ya ukungu wetu. Na kutoka kwenye nguzo ya silinda ya tatu, mstari mweusi mwembamba ulikuwa umeshuka kwenye plastiki mpaka kwenye chuma. Umeme wa buji hutafuta njia fupi. Plastiki ikipasuka kidogo na unyevu ukaingia, moto hupita kwenye ufa, unaunguza, unaacha kaboni, na kaboni yenyewe hupitisha umeme, kwa hiyo kesho yake njia ni rahisi zaidi. Jua likikausha kifuniko, moto unarudi kwenye buji. Ukungu ukishuka, unatorokea kwenye ufa. Nilimtazama shemeji. Yeye alikuwa anaitazama milima.

Mzee alikifuta kifuniko kwa kitambaa kikavu, akaukwangua ule mstari kwa ncha ya kisu, akakirudisha. Celica ikawashwa na kunguruma kwa upole ambao sikuwahi kuusikia, mikunjo midogo tu kikombeni. Watu wakapiga makofi. Simu zikakaa mahali pake. Mzee alipewa chaji ya bure na akaelekea Walikale na betri imejaa, akituachia onyo kwamba kukwangua si kuponya: ule ufa upo, na kaboni itarudi.

Imerudi. Alfajiri hii sahani zimegongana tena. Shemeji ametoka na tochi, na nyuma yake tayari kuna watu wanne wenye maoni. Motari amerudi kwenye buji. Kadafi anadai injini za Kijapani hazipendi watu wa milimani. Kuna mwingine simjui kabisa, amekuja na kijiti, anakiweka sikioni upande mmoja na upande wa pili kwenye taa.

Kwa hiyo, ndugu unayesoma haya, kama uko Goma na unapita Birere, tafadhali uliza kifuniko cha delko cha 3S-FE ya mwaka 1994, kizima, kisichokwanguliwa. Ukibahatika, tafuta na sipoti ya upande wa gia, ya mpira wake halisi. Mpe dereva wa Fuso anayekuja Kashebere. Ushauri usitutumie, tunao. Atakayelipa ni shemeji.